Mbudya au Bongoyo kwa siku moja: boti, maji na mpango wa familia

bajaji_ya_kimara ameuliza:

Wakuu habari zenu. Wakubwa, shikamooni.

Nina wageni kutoka Dodoma ambao hawajawahi kukanyaga kisiwa. Nataka niwapeleke Jumamosi, kwenda asubuhi na kurudi jioni, hakuna kulala. Tuko tisa: watu wazima sita na watoto watatu wa miaka 4, 7 na 11. Kati ya wakubwa kuna mama wa miaka 68 anayesumbuliwa na goti, na shemeji mmoja mwenye pasi ya Ujerumani.

Naomba kujua: kati ya visiwa vya hapa Dar, Mbudya au Bongoyo? Tupandie wapi na saa ngapi? Tubebe chakula au tule huko huko? Na mama atapandaje boti?

Jumamosi yenyewe ni mwezi 16 kwa kalenda ya Kiislamu. Nataja hilo kwa sababu jirani yangu, mtu wa Mafia, ndilo aliloniuliza kabla ya kitu kingine chochote. Nilipomjibu akatikisa kichwa, akasema "mtatembea". Sijamuelewa.

---

tezi_na_omo amejibu:

Jirani yako kakueleza kila kitu kwa neno moja.

Mwezi 16 ni bamvua, yaani siku maji yanapojaa sana na kupwa sana. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndivyo vinavyoleta bamvua, na huwa kali zaidi siku moja au mbili baadaye. Kwa hesabu ya Kiislamu ni kuanzia mwezi 1 hadi 3, na tena 15 hadi 18 hivi. Maji mafu, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, ni mwezi 8 na mwezi 22, ongeza au punguza siku moja. Siku za bamvua maji ya Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Siku za maji mafu ni kama mita 1 tu.

Sasa jambo ambalo watu wa bara hawaambiwi: hapa Dar bamvua ina saa zake, haibadiliki. Maji hujaa kwenye saa kumi hadi kumi na moja (alfajiri na jioni) na hupwa kwenye saa nne hadi saa tano (asubuhi na usiku). Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka: yanajaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni. Ila wakati huo ni maji mafu, hata yakipwa hayaendi mbali.

Matokeo yake ni kwamba kupwa kukubwa kwa mchana wa Dar siku zote kunakuja asubuhi ile ile ambayo watu wamebeba vikapu wanaenda kisiwani. Ufukwe wa Kunduchi na Jangwani ni tambarare. Maji yakitoka, boti inabaki mbali na wewe unaifuata kwa miguu juu ya mchanga, nyasi bahari na vimawe, maji yakiwa ya kifundo, kisha goti, kisha paja. Ndiyo "mtatembea" ya jirani.

Kwa Jumamosi yako maji yatapwa kati ya saa nne na nusu na saa tano asubuhi, yajae kwenye saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo:

Ukipandia upande wa Kunduchi/Jangwani, uwe ndani ya boti kabla ya saa mbili asubuhi. Saa mbili maji yameshaanza kukimbia lakini boti bado inasogea. Saa tatu umeshachelewa kwa mtu mwenye goti bovu. Kurudi hakuna shida: saa kumi maji yamejaa, boti inaleta pua hadi mchanga mkavu.

Ukipandia Slipway pale Msasani, kuna gati, hivyo kupwa hakukusumbui sana upande wa mjini. Ila siku kama hiyo ngazi za gati zinakuwa ndefu zaidi, maana boti imeshuka pamoja na maji.

Kwenye simu tafuta jedwali la maji la Dar es Salaam. Litakuonyesha saa za kizungu na mita. 10:40 ni saa nne na dakika 40. Namba ya kupwa ikiwa chini ya mita 0.5, hiyo ni bamvua ya kweli. Ikiwa juu ya mita 1, nenda saa yoyote unayotaka.

---

mchanga_mweupe amejibu:

Ongezea kwenye hapo. Mimi nakushauri Mbudya, na sababu ni watoto.

Visiwa vyenyewe vimepangwa mstari mbele ya mji, kutoka kusini kwenda kaskazini: Bongoyo, Pangavini, Mbudya, Fungu Yasini. Pangavini karibu chote ni mwamba, hakina pwani ya maana. Fungu Yasini ni fungu la mchanga, kivuli hakuna. Kwa familia vinabaki viwili.

Bongoyo: boti inatoka Slipway, inachukua kama nusu saa. Inakwenda kwa ratiba, kuanzia kwenye saa tatu na nusu asubuhi, na wanataka idadi fulani ya abiria ndipo waondoke. Nyie tisa mnatosha. Pwani nzuri ni moja, ipo ncha ya kaskazini-magharibi, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuogelea hata maji yakipwa. Kuna njia za miguu zinazokatiza msituni, na mabaki ya jengo la enzi za Wajerumani. Shemeji atapenda.

Mbudya: boti zinatoka kwenye hoteli za Jangwani Beach na Kunduchi, dakika 15 hadi 20. Hizi hazina ratiba kali, unapatana na nahodha saa ya kwenda na saa ya kufuatwa. Pwani ipo upande wa magharibi, unaotazama mjini. Ni ndefu kuliko ya Bongoyo, ina mabanda ya makuti, na maji yanaingia kina taratibu. Mtoto wa miaka 4 anaweza kukaa kwenye maji ya kifundo saa nzima huku wewe umekaa mita tatu kutoka kwake. Kwenye bamvua maji yakipwa yanasogea mbali kidogo, lakini hapo ndipo watoto wanapata vidimbwi vya kuchezea.

Kufika: kama mnatumia daladala, pandeni ya kupita Bagamoyo Road, mshuke Africana, kisha bajaji mpaka hoteli za Jangwani. Mkiwa na mizigo na mama, bajaji mbili au tatu zinatosha. Kama ni gari, liacheni ndani ya eneo la hoteli, muulize getini kwanza kama wanatoza maegesho au kiingilio cha siku, maana hoteli nyingine zinataka ununue kitu ndipo upite kwenda ufukweni.

Msichanganye na pantoni la Magogoni. Pantoni linaenda Kigamboni tu, halifiki visiwa hivi. Kila mwaka kuna mtu anafika feri na kikapu anauliza pantoni la Mbudya.

---

msasani_kwetu amejibu:

Napingana na mkuu hapo juu. Kwa mama mwenye goti na kwa siku ya bamvua, Bongoyo kupitia Slipway ni salama zaidi. Pana gati, pana choo kizuri kabla ya kuondoka, pana sehemu ya kukaa kivulini mkisubiri. Kunduchi unamwambia mama wa miaka 68 apande boti ya fiba kwa kukanyaga majini, akiinua mguu hadi usawa wa kiuno. Goti bovu halifanyi hivyo.

Ubaya wa Bongoyo ni mmoja na lazima usemwe: upande wa kisiwani hakuna gati kama la Slipway. Mnashuka mchangani, na kama kuna wimbi dogo boti inacheza. Kwa hiyo shida ya mama haiondoki yote, inapungua nusu.

---

tezi_na_omo amejibu:

Mnabishana juu ya kisiwa wakati jambo ni namna ya kumpandisha. Yapo mambo matatu ya kumwambia nahodha mapema, siyo mkiwa tayari ufukweni:

Kwanza, alete boti kwa tezi (nyuma) au kwa omo (mbele)? Boti nyingi za fiba zina injini ya kupachika nyuma, kwa hiyo abiria wanapandia mbele au ubavuni. Omo iko juu. Ubavu wa katikati ndio sehemu ya chini kabisa. Mwambie aweke ubavu, mabaharia wawili wasimame majini, mmoja kila upande wa mama, na wasimvute mikono. Mama anakaa kwanza juu ya ukingo wa boti akiwa ameipa mgongo, kisha anageuka na kuingiza miguu ndani mmoja mmoja. Kwa namna hiyo goti halibebi uzito wote.

Pili, kiti cha plastiki au kreti ya soda. Inawekwa majini mchanga ukiwa mgumu, inakuwa ngazi. Manahodha wa Kunduchi wanafanya hivi kila siku, ila usipoomba hawabebi.

Tatu, mama akae nyuma karibu na injini, siyo mbele. Mbele boti inapiga maji na uti wa mgongo unasikia kila wimbi. Nyuma kuna moshi kidogo wa petroli lakini kuna utulivu. Anayeugua kichefuchefu naye akae nyuma, atazame nchi kavu, siyo simu.

Na kwa habari ya upepo: majira ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo unaanza kushika adhuhuri na alasiri bahari inakuwa na mawimbi mafupi mafupi. Pwani ya Bongoyo na ya Mbudya zote zimekingwa na kisiwa chenyewe, hivyo ukiwa umekaa mchangani unaona bahari shwari. Ukitoka nje ya kivuli cha kisiwa ndipo unajua. Kuanzia saa kumi na moja mtalowa. Kurudi mpange saa kumi kamili, nahodha aje saa tisa na nusu. Kaskazi (Desemba hadi Machi) ni tulivu kidogo asubuhi, ila joto linaumiza.

---

kikaango_cha_pwani amejibu:

Naona hakuna aliyegusa chakula, na hapo ndipo siku za watu zinapoharibikia.

Mbudya na Bongoyo kote kuna wapishi. Samaki wa kukaanga au wa kuchoma, chipsi, ngisi, pweza, wakati mwingine kamba. Wanakuletea samaki kwenye sinia uchague. Mambo ya kuzingatia:

Agiza ukishafika tu, kabla hata hujavua viatu. Jiko ni moja, mkaa ni ule ule, na Jumamosi watu ni wengi. Ukiagiza saa sita utakula saa nane na nusu, na watoto watakuwa wameshalia wakalala. Ukiagiza saa tatu na kusema "tule saa sita", utakula saa sita au saa sita na nusu.

Patana bei ya samaki yule yule uliyemshika, akiwa na chipsi na kachumbari pamoja, siyo "samaki bei gani". Uliza pia soda na maji. Kila kitu kimevuka bahari, hivyo kitakuwa ghali kuliko mjini. Huo si wizi. Wizi unaingia pale bei inapotajwa baada ya mifupa.

Mtazame jicho na shavu. Jicho liwe limevimba na kung'aa, shavu likifunuliwa liwe jekundu. Bonyeza nyama ubavuni kwa kidole: ikirudi, samaki ni wa leo, kidole kikiacha shimo, chagua mwingine. Kwa watoto chukua changu au kolekole mkubwa badala ya wadogo watatu, miiba yake mikubwa inaonekana. Pweza wa kuchoma haraka haraka huwa mgumu kama mpira wa baiskeli, muulize kama ameshachemshwa.

Hata mkiagiza, bebeni cha kushikilia watoto: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, machungwa yaliyomenywa. Vitu vyenye nazi (wali wa nazi, maharage ya nazi) viacheni nyumbani. Joto la saa tano linachachua nazi kabla hamjafungua chombo.

Maji: lita 3 kwa mtu mzima, lita 1 na nusu kwa mtoto. Kisiwani hakuna bomba la maji ya kunywa, yote yanaletwa na boti. Gandisha nusu ya chupa usiku wa kuamkia, ndizo zitapoza nyingine.

Pesa: beba taslimu, noti ndogo ndogo. Pesa za simu zinapokelewa, lakini mtandao ukikwama saa ya kulipa, boti haikusubiri.

---

mchanga_mweupe amejibu:

Kwenye vifaa, kitu bora kuliko vyote ni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana. Nguo za kubadilisha, simu, dawa na vitambulisho viingie humo. Boti ikipigwa na wimbi, begi la mgongoni linalowa hadi ndani. Ndoo hailowi, na ikianguka majini inaelea. Kisiwani mnakalia. Jioni mnatia takataka zenu na kurudi nazo. Mifuko ya plastiki ya kubebea msije nayo kabisa, imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

Viatu: siyo ndala. Ndala zinang'oka kwenye matope ya Kunduchi na zinakuacha pekupeku juu ya mawe. Raba kuukuu au makubazi yenye mkanda wa nyuma.

Jua: Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri linakuwa utosini kabisa. Lakini mwezi wowote mchanga mweupe unarudisha mwanga usoni hata ukiwa chini ya banda. Ngozi nyeusi nayo inaungua, hasa mabega na juu ya miguu. Watoto wavae fulana majini. Kanga mbili za ziada ni pazia, ni shuka, ni taulo.

Banda la makuti: uliza kama linalipiwa na bei yake kabla ya kutandika. Chukua lililo karibu na jiko na choo kwa ajili ya mama, siyo lile la mwisho zuri la picha.

---

ndoano_tupu amejibu:

Msisahau kuzunguka kisiwa kwa miguu maji yakitoka. Upande wa nyuma, wa bahari kuu, kuna mwamba mpana na makombe mazuri sana ya kupeleka nyumbani.

---

doria_ya_matumbawe amejibu:

Mkuu ndoano_tupu, hapo umewashauri watu makosa mawili kwa sentensi mbili.

Visiwa hivi ni maeneo tengefu ya bahari. Vilitengwa mwaka 1975, na leo viko chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Hauokoti kombe, hauvunji tumbawe, hauvui. Hata lile kombe tupu lina kazi: kuna kaa anayehamia ndani yake na kulifanya nyumba. Matumbawe ya Dar yameshapata tabu mara mbili, kwanza mabomu ya wavuvi haramu kwa miaka mingi, kisha joto la bahari la mwaka 1998 lililoyafanya yageuke meupe. Mbudya pia ina kaa wa nazi, yule mkubwa anayepanda miti na kutembea usiku. Mchana amejificha kwenye mashimo ya mwamba na chini ya mizizi. Mtu akikuletea mmoja kwenye ndoo ili upige picha, usimlipe.

Kosa la pili ni la hatari zaidi. Kuzunguka mwamba siku ya bamvua kunahitaji hesabu. Maji yanachukua kama saa sita kutoka kupwa hadi kujaa, lakini hayapandi sawasawa. Gawa kimo chote mafungu 12: saa ya kwanza linapanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya mwisho 1. Kwa bamvua ya mita 3.2, saa ya tatu na ya nne kila moja inaleta sentimita 80. Mtoto wa miaka 4 ana kimo cha mita moja hivi.

Kwa Jumamosi hii maji yakipwa saa nne na dakika 45, mtu akiondoka saa tano na nusu kwenda nyuma ya kisiwa anaona bahari imetulia, haijabadilika. Saa saba kasoro inaanza kukimbia, na wakati huo yuko mbali na mchanga, upande mmoja ukuta wa mwamba uliochongeka kwa chini, upande mwingine mawimbi. Watu hawazami pale kwa sababu hawajui kuogelea. Wanachubuliwa na mwamba wakijaribu kuupanda.

Kama mnataka kuona mwamba, nendeni saa tatu na nusu wakati maji bado yanatoka, mgeuke saa nne na nusu mlipo popote. Watoto wa miaka 4 na 7 wabaki pwani.

Kuhusu malipo: kuna ada ya kiingilio ya eneo tengefu, ni tofauti na nauli ya boti. Mwananchi analipa kidogo, mgeni wa nje analipa kwa kiwango cha dola. Wazima mbebe kitambulisho cha NIDA au namba yake, shemeji abebe pasi au kibali cha ukaazi. Muulize nahodha neno kwa neno: "Hiyo bei ni pamoja na kiingilio, kwenda na kurudi, watu tisa?" Akisema ndiyo, dai stakabadhi ya serikali ya kiingilio. Stakabadhi ni kwa kila mtu au kwa kundi, lakini lazima iwepo.

---

tezi_na_omo amejibu:

Naunga mkono, na nimalizie upande wa boti yenyewe kabla hamjalipa kitu:

Jaketi za kujiokoa ziwe tisa, na tatu ziwe za watoto. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka 4 ni hatari: akitumbukia linapanda juu yeye anatelezea chini. La mtoto liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Mfungie, kisha shika mabega ya jaketi uyainue. Likifika masikioni, ni kubwa.

Watu wakishakaa, ning'iniza mkono nje ya ubavu bila kuinama. Vidole vikigusa maji, boti imezidiwa. Mshuke wawili au mwende kwa awamu mbili. Tisa na mizigo kwenye kiboti kidogo ni wengi.

Tazama petroli. Kidumu kiwe zaidi ya nusu. Uliza kama kuna kasia au injini ya akiba. Injini ikizima katikati ya Kunduchi na Mbudya, mkondo unakusogeza, na nahodha mwenye kasia na nanga anakusubirisha salama hadi mwenzake aje.

Lipa nusu mkienda na nusu mkirudi. Aliyelipwa yote asubuhi hukumbuka wateja wengine saa kumi jioni. Chukua namba yake ya simu na jina la boti, umtumie mtu aliyebaki nyumbani.

---

bajaji_ya_kimara ameuliza tena:

Ahsanteni sana wakuu, nimeanza kuelewa. Bado mawili. Mtoto wa miaka 11 anataka kutazama samaki kwa miwani, inawezekana? Na tukichomwa na vitu vya baharini tufanyeje, maana hakuna zahanati?

---

doria_ya_matumbawe amejibu:

Miwani inawezekana, na bamvua yako inasaidia kwa sehemu. Maji yanayojaa ni safi kuliko yanayotoka, kwa sababu yanatoka bahari kuu. Yanayotoka yanabeba tope la mwambao na mito ya mjini. Kwa hiyo saa sita na nusu hadi saa nane ndio wakati wa kuona vizuri, na mtu mzima anayejua kuogelea akae naye ubavuni muda wote. Avae jaketi lake. Linamzuia kuzama na linamzuia kukanyaga matumbawe. Miwani ya kukodi ijaribiwe nchi kavu: ibandike usoni bila kuvuta mkanda, avute pumzi kwa pua, aachie mikono. Ikibaki imeganda, inamtosha. Mate kidogo ndani ya kioo kabla ya kuingia, haitafanya ukungu.

Masika (Machi hadi Mei) usihangaike, maji ni chai ya maziwa.

Kuchomwa: konyeza (yule kiwavi wa baharini laini kama uteute) akikugusa, suuza kwa maji ya bahari hayo hayo. Usisugue kwa mchanga, na usimwagie maji ya chupa yasiyo na chumvi, yanafanya vijimiiba vilivyobaki vifyatuke upya. Siki inasaidia, chupa ndogo haina uzito. Zile duara nyeusi zenye miiba mirefu zinakaa kwenye mawe: mwiba ukiingia, chovya mguu kwenye maji ya moto kadiri mtu anavyovumilia, nusu saa au zaidi, maji yaombwe jikoni. Ujaribu kwanza mkono wako mwenyewe, mtoto hajui kusema yanaunguza. Mwiba unaoonekana wote utolewe kwa kibanio, uliovunjikia ndani usichimbuliwe kwa sindano. Watu wa pwani wanapaka utomvu wa papai bichi juu yake.

Mchubuko wa tumbawe unaonekana mdogo na unaoza baada ya siku tatu. Osha kwa maji safi mengi na sabuni, toa kila kipande cheupe, paka dawa ya kuua vijidudu, asirudi majini siku hiyo. Mtu akivimba uso au akipumua kwa shida, si jambo la kisiwani: boti mara moja.

---

msasani_kwetu amejibu:

Kwa hiyo uamuzi ni upi? Mimi bado nasema Slipway.

---

bajaji_ya_kimara amejibu:

Nimeongea na mama. Amesema hapandi gati wala hapandi kreti ya soda akiwa na haraka, tusogeze mbele wiki moja.

---

tezi_na_omo amejibu:

Mama ana akili kuliko sisi wote. Wiki ijayo ni mwezi 23, maji mafu. Asubuhi yatakuwa yamejaa kwenye saa nne na nusu au saa tano, boti inafika mchangani, mnaondoka saa tatu bila kukimbizana. Alasiri yatapwa lakini si mbali, maji ya magotini kwa hatua chache. Nenda Mbudya, kreti ije hivyo hivyo kwa ajili ya kurudi. Mwamba wa nyuma siku hiyo hautatokeza sana, waambie watoto mapema wasije wakadai.

Nahodha umpigie Alhamisi, kisha umpigie tena Ijumaa jioni uulizie upepo.